Fimbo Ikigonga Jiwe, Nani Analipa?

Kila mchezo una kanuni zake, na mimi nikizipata hutafuta kwanza sehemu inayozungumzia hasara. Hapo ndipo unajua waliozitunga walikuwa wanaogopa nini. Kanuni za gofu za mwaka 1744, zilizoandikwa na waungwana wa Leith karibu na Edinburgh, Scotland, ndizo za zamani zaidi tunazozijua. Ziko 13 tu. Ukurasa mmoja unazitosha. Na katika hizo 13, mbili zinahusu fimbo kuvunjika.

Kanuni ya nne inakataza mchezaji kuondoa mawe, mifupa au kitu chochote kinachoweza kuvunja fimbo ili apate nafasi ya kupiga mpira wake. Anaruhusiwa tu akiwa kwenye nyasi safi, na hata hapo ni vile vilivyo karibu na mpira, visivyozidi urefu wa fimbo moja. Wale waungwana walikuwa na jina la jumla la vitu hivyo, ambalo kwa Kiswahili tungesema “kivunja-fimbo”. Kanuni ya 11 ni kali zaidi: ukishaanza kushusha fimbo ili upige, halafu ivunjike kwa njia yoyote ile, hilo ni pigo. Linahesabiwa.

Kwa maneno mengine, jiwe ni lako, fimbo ni yako, hasara pia ni yako. Pole, endelea na mchezo.

Nilibeba fimbo za watu kwa karibu miaka miwili baada ya Kidato cha Nne. Nilikuwa kedi, yaani yule kijana unayemwona nyuma ya mchezaji akiwa na mkoba mzito begani. Kwa hivyo nikisoma kanuni hizo za 1744 sioni waungwana peke yao. Naona pia mtu wa pili kando yao, ambaye hakuandikwa popote kwenye ule ukurasa. Nataka kueleza jinsi jiwe lilivyobadilisha fimbo ya gofu kwa karne kadhaa, na jinsi swali la nani analipa lilivyobaki palepale.

Tuanze na uwanja wenyewe. Ukisikia gofu leo unafikiria nyasi zilizonyolewa kama kichwa cha mwanajeshi. Leith haikuwa hivyo. Ilikuwa ardhi ya umma kando ya bahari, yenye mchanga na nyasi fupi, na mashimo matano tu ya kuchezea. Watu walilisha mifugo hapo, wengine walianika nguo, na mikokoteni ilipita ikiacha mifereji. Mashine ya kukata nyasi haikuwapo. Edwin Budding wa Uingereza aliipatia hataza mwaka 1830. Kabla ya hapo nyasi zilikatwa na meno ya kondoo na sungura. Ndiyo maana kanuni inataja mifupa. Mnyama akifa hapo mifupa yake inabaki, inafukiwa na mchanga, halafu siku moja bwana mmoja anakuja na fimbo yake mpya na kuipata kwa njia mbaya.

Na fimbo yenyewe haikuwa kitu cha kuchezea ovyo. Mwaka 1603 Mfalme James wa Sita wa Scotland alimteua William Mayne kuwa mtengenezaji wake wa fimbo. Kazi ya Mayne ilikuwa kutengeneza pinde. Ukifikiria, inaeleweka: upinde na fimbo ya gofu vyote vinahitaji mti unaopinda bila kuvunjika. Mpini ulitengenezwa kwa mti kama mwashi. Kichwa kilichongwa kutoka kwa mti mgumu wa tunda, kama mtufaha au mpea. Vipande hivyo viwili vilichongwa mshazari, vikabandikwa kwa gundi, kisha vikazungushiwa uzi uliopakwa lami au nta. Nyuma ya kichwa fundi alimimina risasi ili kipate uzito. Mbele, kwenye ukingo wa chini unaokutana na ardhi, alipachika kipande cha pembe ya kondoo dume.

Hiyo pembe haikuwa mapambo. Ilikuwa jibu la fundi kwa jiwe. Mti ukigonga jiwe unapasuka kufuata nyuzi zake, lakini pembe inakwaruzika tu na kuendelea na kazi.

Utauliza, kwani chuma hakikuwepo? Kilikuwepo, na wahunzi walitengeneza fimbo za chuma zenye vichwa vizito. Kulikuwa hata na moja yenye kichwa kidogo kabisa, ya kutoa mpira kwenye mfereji wa gurudumu la mkokoteni. Shida ilikuwa mpira. Mpira wa wakati huo ulikuwa mfuko wa ngozi ulioshindiliwa manyoya ya ndege hadi ukawa mgumu. Fundi alitengeneza michache tu kwa siku, kwa hivyo bei yake ilikuwa noma. Ukiupiga vibaya kwa chuma unauchana. Basi mchezaji aliyekuta mpira wake kati ya mawe alikuwa na chaguo mbili, zote za hasara: atumie fimbo ya mbao na ahatarishe fimbo, au atumie ya chuma na ahatarishe mpira.

Kilichobadilisha mambo ni utomvu wa mti kutoka Malaya. Mnamo mwaka 1848 mipira ya gata-pacha ilianza kutumika Scotland. Ilikuwa rahisi kutengeneza, na bei yake ilikuwa chini sana. Haikuogopa chuma, kwa hivyo fimbo za chuma zikaongezeka mikobani. Lakini ilikuwa migumu kiasi cha kuumiza vichwa vya mbao, na mafundi wakaanza kubandika ngozi kwenye uso wa fimbo. Baadaye katika karne hiyo ya 19 wakaja na wazo lingine: bamba la shaba chini ya kichwa cha mbao, ili mchezaji aweze kupiga kutoka kwenye barabara au ardhi yenye kokoto bila kukipasua. Fimbo hiyo ilipata jina lake kutokana na hiyo shaba. Muda mrefu kabla ya watu kuziita fimbo kwa namba, kulikuwa na moja iliyobeba kwenye jina lake kumbukumbu ya mawe.

Ukitaka kuona hali hiyo ilivyokuwa, tazama shimo la 17 la uwanja wa zamani wa St Andrews. Nyuma ya sehemu ya shimo kuna barabara, na nyuma ya barabara kuna ukuta wa mawe. Mpira ukiishia barabarani, unachezwa palepale ulipo. Hata mabingwa wa dunia hupiga kutoka kwenye sehemu hiyo ngumu mbele ya kamera, na unaweza kuona nyuso zao zikikunjamana kabla fimbo haijashuka.

Sasa turudi kwa yule mtu ambaye hakuandikwa. Mmoja wa makedi wa kwanza tunaowajua kwa jina ni Andrew Dickson wa Leith. Inasimuliwa kwamba akiwa mvulana, miaka ya mwanzo ya 1680, alibeba fimbo za Mtawala wa York, aliyekuja kuwa mfalme baadaye, na kwamba alikimbia mbele ili aone mipira inaangukia wapi. Dickson alipokua alikuwa fundi wa kutengeneza fimbo. Karibu karne mbili baadaye Willie Park wa Musselburgh alipitia njia inayofanana na hiyo. Alianza kama kedi, akashinda mashindano ya kwanza ya Open mwaka 1860 pale Prestwick, na akawa na biashara ya kutengeneza fimbo na mipira.

Hii njia ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Kijana aliyebeba fimbo alijua kila jiwe la uwanja kwa sababu alitembea juu yake kila siku. Alijua pia ni sehemu gani ya fimbo hupasuka kwanza, kwa sababu yeye ndiye aliyeipeleka kwa fundi. Alipokuwa fundi mwenyewe, ujuzi huo uliingia kwenye fimbo. Naamini pembe ya kondoo na bamba la shaba ni maarifa ya watu waliotembea, yakafika mikononi mwa watu waliochonga. Mara nyingine walikuwa ni watu walewale.

Gofu ilipofika kwetu, ile njia haikusafiri nayo. Klabu ya gofu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, miaka michache tu baada ya reli kupita, na mwaka 1935 ikapewa jina la kifalme. Klabu ya Mombasa ilianzishwa mwaka 1911, kwenye ufuo wa kisiwa unaotazama bahari. Vilabu hivi vilikuwa vya Wazungu. Mwafrika aliingia kama mkata nyasi, mpishi au kedi. Alibeba fimbo lakini hakuruhusiwa kuwa mwanachama, na duka la fundi halikuwa njia aliyofunguliwa.

Na mawe? Mawe yalikuwepo, tena ya aina yake. Mombasa ni kisiwa cha mwamba wa matumbawe. Udongo ni blanketi jembamba tu, na chini yake kuna mwamba wenye meno. Nairobi nayo imekaa juu ya lava ya volkano za zamani, na sehemu zake nyingi zimefunikwa na ule udongo mweusi unaoshika viatu kama deni.

Kuhusu udongo huu kuna jambo ambalo wageni kutoka Uingereza hawakulitarajia. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1881 kuhusu nyungunyungu, alieleza shamba lililokuwa limejaa mawe juu, ambalo baada ya miaka 30 lilifunikwa kabisa na udongo uliotolewa na nyungunyungu. Farasi angeweza kulikimbia bila kugonga jiwe. Huko, ukiwa na subira, ardhi inameza mawe. Udongo mweusi hufanya kinyume. Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka mipasuko mirefu, na katika kuvimba na kusinyaa huko mawe husukumwa juu polepole. Uwanja uliosafishwa mwaka huu unaweza kuwa na mawe mapya miaka michache baadaye, na hakuna mtu aliyeyaleta. Yanakaa chini kidogo tu ya nyasi, mahali ambapo jicho halifiki lakini fimbo inafika.

Nani alijua yako wapi? Yule aliyetembea.

Kwenye uwanja niliofanyia kazi kulikuwa na kedi mmoja wa makamo tuliyemwita Mzee, ingawa hakuwa mzee kihivyo. Yeye ndiye alinifundisha kusoma ardhi. “Kijana, tazama rangi,” alikuwa akisema. “Nyasi zikikauka mapema kuliko za kando, ujue chini hakuna udongo.” Alinionyesha pia kutumia kile kijiti cha kuwekea mpira. Unakidunga ardhini karibu na mpira, taratibu. Kikizama, piga. Kikigoma, kuna jiwe au mzizi. Baadaye nilipata kujua kwamba kanuni za kimataifa zinaruhusu hilo kabisa, mradi usiboreshe hali ya mpira wako na usifanye hivyo ndani ya shimo la mchanga. Mzee hakuwahi kuzisoma.

Siku moja ya kiangazi, mchezaji wangu alikuwa na mpira kwenye nyasi ndefu. Nilidunga kijiti, kikagoma. Nikamwambia, “Mdosi, chini kuna mwamba. Tutoe mpira kando, upoteze pigo moja.” Akasema hajaja kupoteza mapigo. Alivuta fimbo ya chuma namba saba, akapiga kwa nguvu zake zote. Ule mlio bado naujua: mkavu, mfupi, kama sufuria ikianguka sakafuni. Mpira ulisonga hatua chache. Fimbo ilirudi na shingo imepinda na pengo kwenye ukingo.

Jioni niliitwa ofisini. Yule bwana alikuwa amesema kedi hakumwonya. Neno lake lilikuwa na uanachama, langu halikuwa na chochote. Nilikatwa malipo ya wiki tatu, pesa nilizokuwa nikiweka ili nijiunge na chuo muhula uliofuata. Chuo kilingoja mwaka mzima. Mzee alinisikiza, akanyamaza, kisha akaniambia nimletee ile fimbo kama wameitupa.

Waliitupa. Aliinyoosha shingo mwenyewe, taratibu, akasugua pengo kwa tupa, na ikatumika miaka mingi na makedi siku za Jumatatu, siku waliyoturuhusu kucheza. Fundi wa Leith angemwelewa bila mkalimani.

Pengine unajiuliza kama mambo haya hayajaisha, kwa kuwa fimbo za sasa ni za vyuma vya ajabu. Teknolojia imesonga, kweli. R&A ya St Andrews iliruhusu mipini ya chuma mwaka 1929, na mipini ya mti wa hikori ikaanza kuondoka. Mwaka 1979 kampuni ya TaylorMade ilianza kuuza fimbo ndefu yenye kichwa cha chuma badala ya mbao. Kisha zikaja titaniamu na kaboni.

Lakini jiwe limekataa kustaafu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, walithibitisha jambo ambalo wazima moto wa huko walikuwa wakilishuku. Kichwa kilichofunikwa kwa titaniamu kikikwaruza jiwe kinatoa cheche zenye joto la nyuzi 1,600 hivi za Selsiasi, na zinadumu kwa muda wa kutosha kuwasha nyasi kavu. Mioto kwenye viwanja vya gofu kusini mwa California ikapata maelezo. Zamani jiwe lilivunja fimbo ya mtu mmoja. Sasa, kiangazi kikiwa kikali, linaweza kuchoma kilima kizima.

Mpini wa kaboni nao una hila yake. Chuma kikiumia kinakuonyesha: kinapinda, kinabonyea. Kaboni inaweza kupasuka ndani huku nje pakionekana sawa, halafu ikakatika siku nyingine mkononi mwa mtu. Ndiyo maana makedi wazuri, baada ya fimbo kugonga jiwe, hawaangalii mkwaruzo peke yake. Wanapitisha kidole kutoka shingoni hadi kwenye mshikio wakitafuta ufa. Wanakishika kichwa na kujaribu kukizungusha wasikie kama kimelegea. Wanailinganisha na fimbo inayofuata kwenye seti kuona kama pembe imebadilika. Ukingo uliochongoka unasuguliwa kwa tupa laini baada ya mchezo. Mkwaruzo mdogo kwenye fimbo ya chuma unaachwa, kwa sababu haupunguzi chochote isipokuwa bei. Ufa kwenye kaboni hausamehewi, mpini unabadilishwa.

Kanuni pia zimelegea kwa mchezaji. Hadi mwisho wa 2018, jiwe ndani ya shimo la mchanga halikuguswa ila kama klabu imeweka kanuni yake ya kuruhusu. Tangu 2019 unaweza kuliondoa, mradi mpira usisogee. Jiwe lililokita ardhini bado haling’olewi, lakini unaweza kutangaza kwamba mpira hauchezeki, ukubali pigo moja la adhabu na uuweke kando. Na tangu 2023, fimbo ikiharibika katikati ya mchezo bila wewe kuifanyia ukatili, unaruhusiwa kuibadilisha. Waungwana wa 1744 wangeshangaa. Mchezaji amehurumiwa, hatua baada ya hatua.

Lakini soma kanuni hizo mwanzo hadi mwisho utaona kwamba zinasema nani anaweza kubadilisha fimbo, hazisemi nani anailipia. Hilo limeachiwa vilabu, na vilabu vingine vimeliachia mtu yeyote mwenye sauti kubwa ofisini. Kedi wengi wa Kenya hawana mkataba ulioandikwa. Wanalipwa kwa raundi. Wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa walianza hivyo, wakibeba mikoba ya wengine na kucheza siku za Jumatatu kwa fimbo zilizotupwa. Tunawashangilia wakishinda. Ile sehemu ya kukatwa wiki tatu kwa sababu ya jiwe huwa haiingii kwenye hadithi.

Kuirekebisha si kazi ya miaka 280. Inahitaji sentensi moja kwenye ubao wa klabu, karibu na zile kanuni za uwanja ambazo kila mchezaji husoma kabla ya kuanza: fimbo ikiharibika mikononi mwa anayepiga, hasara ni ya anayepiga. Waungwana wa Leith, pamoja na ukali wao wote, walikuwa wanalijua hilo. Waliandika kwamba fimbo yako ikivunjika, wewe ndiye unahesabiwa pigo. Hawakuandika popote kwamba linahesabiwa kwa kijana aliyebeba mkoba.